Anza na Mguu Kabla ya Spana

Barabara ya kutoka Nanyuki kwenda Isiolo haina huruma na breki mbovu. Inapanda hadi Timau, kwenye mashamba ya ngano na baridi ya Mlima Kenya, halafu ukishapita njia panda ya Subuiga inaanza kuporomoka kuelekea joto. Timau iko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na mji wa Isiolo uko kwenye mita 1,100 hivi. Gari la tani mbili likiteremka mita 900, nguvu inayopaswa kuzuiwa njiani ingetosha kuchemsha karibu lita 50 za maji baridi. Sehemu ya nguvu hiyo humezwa na upepo, nyingine na injini ikiwa dereva ameshuka na gia ndogo. Inayobaki inaishia kwenye vipande vichache vya chuma vilivyofichwa ndani ya magurudumu.

Mwenye gari kuukuu anayeishi wadi ya Wabera, mjini Isiolo, hudanganyika kirahisi kwa sababu ya jinsi nchi yenyewe ilivyolala. Kwenda kaskazini, Archer's Post na kuendelea, ni tambarare. Mtu anaweza kuendesha siku nzima bila kukanyaga breki kwa nguvu. Kwenda Meru au Nanyuki ni kupanda, na anayepanda husimamishwa na mlima wenyewe. Mtihani unakuja wakati wa kurudi nyumbani, gari limejaa viazi, dereva amechoka, na breki ambazo zilionekana nzima wiki yote zinaulizwa swali la kweli kwa mara ya kwanza.

Na magari kuukuu hapa hayapungui. Wadi hii ya katikati ya mji ina jina la Daudi Dabasso Wabera, Mwafrika wa kwanza kuwa mkuu wa wilaya ya Isiolo, aliyeuawa kwa risasi mwezi Juni 1963 karibu na Modogashe pamoja na chifu mkuu Haji Galma Dida. Enzi zake kazi ya serikali katika eneo lote la mpaka wa kaskazini ilitegemea Land Rover, na watu wa Isiolo hawakuwahi kuliacha gari hilo. Land Rover za Series III zilitengenezwa kati ya 1971 na 1985, na kiwanda cha Leyland kilianza kuunganisha magari Thika mwaka 1976. Ongeza pikapu za Peugeot 504, ndugu wa ile iliyoshinda Safari Rally mwaka 1975 ikiendeshwa na Ove Andersson. Nairobi magari ya umri huu hung'arishwa na kupelekwa kwenye mashindano ya Concours d'Elegance, yaliyoanza mwaka 1970, ambako majaji hukagua hadi uvungu wake. Isiolo yanabeba mitungi ya maji na mbuzi.

Kuna jambo moja ambalo vitabu vya ufundi vya Uingereza havikuambii kuhusu magari haya. Kenya hairuhusu gari lililotumika kuingizwa nchini likiwa na zaidi ya miaka 8, kwa hiyo yaliyo kuukuu kwa sehemu kubwa yamezeekea papa hapa, mikononi mwa mafundi wengi. Hitilafu utakayoikuta si lazima iwe kifaa kilichochakaa. Mara nyingi ni matengenezo ya mtu aliyekutangulia: bomba lililopondwa kwa nyundo barabara ya Marsabit mwaka ambao hakuna anayeukumbuka, mpira wa gari jingine uliolazimishwa kuingia, springi iliyofungwa kinyume. Ukilitazama gari kwa jicho hilo utapata ugonjwa haraka kuliko anayefuata kitabu ukurasa kwa ukurasa.

Kinachowamaliza watu pesa ni kununua kabla ya kujua. Pedali imezama, basi simu inapigwa Nairobi, masta silinda mpya inaletwa na basi la usiku, inafungwa, na pedali bado inazama. Masta ya zamani ilikuwa nzima. Ndiyo maana nasema kazi ya breki inaanza kwenye kiti cha dereva, spana zikiwa bado ndani ya sanduku.

Simamisha gari mahali tambarare, zima injini, kanyaga pedali taratibu na usikilize mguu. Ikizama sana mara ya kwanza, lakini ukikanyaga upesi mara ya pili na ya tatu inapanda na kuwa ngumu, basi viatu vya breki viko mbali na dramu na vinahitaji kukazwa tu. Hilo ndilo tatizo la kawaida kuliko yote kwenye Land Rover za dramu, na kulitibu hakugharimu hata shilingi moja. Ikiwa pedali inabonyea na kurudi kama unakanyaga mkate mbichi, kuna hewa ndani ya mabomba. Mafuta ya breki hayabanwi, hewa hubanwa. Nguvu ya mguu wako inatumika kuibana hewa na haifiki kwenye gurudumu. Ikiwa ni ngumu mwanzoni, lakini ukiishikilia kwa nguvu ile ile inaendelea kuzama polepole kuelekea sakafuni, mafuta yanatoroka. Ama yanamwagika nje, na utayaona, ama yanavuja ndani ya masta yenyewe kupitia vikombe vya mpira vilivyochakaa, na hapo hutaona hata tone. Hii ya mwisho ndiyo hali pekee kati ya zote ambayo inahalalisha ile simu ya Nairobi.

Iliyobaki ni pedali ngumu kama jiwe na gari halisimami. Hapo mafuta ya mabombani na hewa havina hatia. Tafuta kwenye busta, kama gari lako linayo, au kwenye lainingi zilizolowa mafuta, zilizoungua zikawa kama kioo, au pistoni zilizogandia ndani ya silinda za magurudumu.

Kabla ya kugusa gurudumu lolote la Land Rover ya zamani, kuna onyo ambalo ningelichora ukutani kwa chaki. Breki ya mkono ya gari hili haishiki magurudumu. Iko nyuma ya gia boksi na inashika shafti inayokwenda difu ya nyuma. Ukiinua gurudumu moja la nyuma kwa jeki, difu inaliachia lile lililo hewani lizunguke, na gari zima linakuwa huru kuondoka, hata kama breki ya mkono umeivuta hadi mwisho. Watu wamepondwa hivyo, wakiwa na hakika kabisa kwamba gari limefungwa. Weka gia ya magurudumu manne, weka mawe makubwa mbele na nyuma ya magurudumu yaliyobaki chini, na usiingie uvunguni gari likiwa juu ya jeki peke yake. Udongo wa uani Wabera ni wa vumbi laini. Jeki bila ubao mpana chini yake huzama ikiinama. Pia, breki hiyo ya mkono haikuundwa kusimamisha gari linalokimbia. Ukiivuta ghafla mteremkoni, mshtuko wote unaingia kwenye shafti na difu.

Kukaza viatu ni kazi rahisi. Nyuma ya bamba la breki kuna kichwa cha bolti kinachosogeza kiatu. Land Rover fupi ya inchi 88 ina kimoja kwa kila gurudumu, ndefu ya inchi 109 ina viwili. Kaza hadi gurudumu likatae kuzunguka, halafu legeza kidogo kidogo hadi lizunguke huru. Kanyaga pedali mara kadhaa ili viatu vikae katikati, kisha pima tena. Kichwa hicho kikiwa kimeganda kwa kutu na tope la miaka, kipake mafuta ya kulainisha jioni ukirudie kesho, kwa sababu kikikatika umebadilisha kazi ya nusu saa kuwa kazi ya siku tatu. Jambo moja kuhusu ile ndefu: breki zake za mbele zina viatu viwili vinavyojikaza vyenyewe gari likienda mbele, na hizo hizo hushika kwa udhaifu gari likirudi nyuma. Ukilijaribu kwa rivasi usishtuke. Lakini likishika vizuri kwa rivasi na vibaya likienda mbele, mtu alifunga bamba la kulia upande wa kushoto.

Dramu ikitoka, usipulize. Lainingi za zamani zilikuwa na asbesto, vumbi linalokaa kwenye mapafu kwa maisha yote. Uingereza yenyewe iliipiga marufuku kabisa mwaka 1999 tu. Huwezi kujua lainingi zilizo ndani ya dramu hiyo zilitoka wapi wala lini. Lowesha kwa maji ya sabuni, pangusa kwa kitambaa, tupa kitambaa. Mafundi wetu wana tabia ya kupuliza kwa mdomo au kwa pampu ya hewa huku watoto wamechutama kando wakitazama. Afadhali mtu akuone mwoga.

Ndani ya dramu tafuta unyevu. Ukiukuta, swali ni moja: ni mafuta ya breki au ni mafuta ya gia? Hilo linaamua utanunua nini. Mafuta ya gia ni mazito, yananuka kiberiti, na ukiyamwagia maji yanakaa kando. Hayo yametoka kwenye difu kupitia sili ya habu. Mafuta ya breki ni mepesi, yanaoshwa na maji, na yakiachwa juu ya rangi ya gari yanaibambua. Hayo yametoka kwenye silinda ya gurudumu. Inua kingo za vifuniko vyake vya mpira kwa ncha ya bisibisi na kama kuna majimaji nyuma yake, umempata mwizi. Vyovyote iwavyo, lainingi iliyokunywa mafuta haioshwi ikapona. Ukiikausha leo, joto la mteremko litayatoa tena kesho. Badilisha, na ubadilishe kushoto na kulia pamoja.

Silinda ikifunguliwa, tazama ukuta wake wa ndani kwenye mwanga wa jua. Ukiwa laini na unang'aa, vikombe vipya vya mpira vinatosha. Ukiwa na vishimo vya kutu, vikombe vipya vitaliwa baada ya muda mfupi, na mtu atasema spea za siku hizi hazifai. Spea nyingi ni bandia kweli, siwatetei wauzaji, lakini nyingi zaidi huuawa siku ya kufungwa. Mpira wa breki ni adui wa petroli, dizeli na grisi ya kawaida: huvimba, hulainika, hunata. Gereji nyingi za juakali zina lile debe la dizeli la kuoshea kila kitu. Vifaa vya breki visiingie humo. Vioshe kwa mafuta ya breki yenyewe au spiriti, na uvipake mafuta hayo hayo unapovifunga. Fanya kazi hiyo asubuhi. Kufikia alasiri upepo wa Isiolo umeamka, na punje moja ya mchanga ndani ya silinda inatosha kuchora ukuta wote.

Kuvuta upande mmoja ndiko kunakowachanganya watu zaidi. Unakanyaga breki, usukani unakwenda kushoto, basi gurudumu la kushoto ndilo linalofunguliwa. Lakini gari huvutwa na upande unaoshika. Likienda kushoto, wa kushoto unafanya kazi yake. Mgonjwa huenda ni wa kulia, ambao haushiki kwa sababu umelowa mafuta au pistoni yake imeganda. Anza na upande usiovuta. Kama ni mzima, ndipo uhamie wa pili na uulize kwa nini unashika kupita kiasi.

Hapa ndipo lile bomba lililopondwa linapojitokeza. Barabara ya Isiolo kwenda Moyale leo ni lami ya takriban kilomita 500, ila sehemu ya kwanza hadi Merille ilipata lami mwanzoni mwa muongo uliopita tu, na kabla ya hapo ilikuwa mawimbi ya changarawe yaliyotikisa kila nati. Bomba likipasuka huko, dereva alilikunja na kulipiga nyundo ili kuziba gurudumu moja, akaongeza mafuta na kufika na breki tatu. Hakukosea, ndiyo njia ya kufika. Tatizo ni kwamba gari liliuzwa kabla bomba halijabadilishwa. Fuata kila bomba kwa kidole kutoka kwenye masta hadi gurudumuni. Huku kwetu kutu si tishio kubwa kama Mombasa kwenye hewa ya chumvi. Mabomba ya Isiolo huuawa na mawe na kwa kusuguana na chasisi pale kibanio kilipovunjika. Ukikuta chuma kinang'aa mahali kinapogusa chuma kingine, hapo ndipo patapasuka. Na kumbuka kwamba Land Rover nyingi za Series zina mzunguko mmoja tu wa mafuta: tundu popote, breki za magurudumu yote manne zinapotea pamoja. Magari ya baadaye yaligawanywa mizunguko miwili ili ukipoteza mmoja ubaki na mwingine. Ukiwa na mmoja huna akiba.

Kuna ugonjwa mwingine wa kinyume, breki zisizoachia. Gari linakuwa zito, rimu moja inachoma mkono, mafuta ya kwenye tangi yanaisha upesi. Inua gurudumu linaloshika, hakikisha halizunguki, kisha fungua kidogo skrubu ya kutolea upepo. Mafuta yakiruka na gurudumu likaachia, shinikizo lilikuwa limenaswa ndani ya mfumo. Lisipoachia, tatizo ni la chuma: springi imekatika, pistoni imeganda, au kiatu kimekazwa mno. Kama ni shinikizo, rudia jaribio ukifungua kiungo kilicho kabla ya mpira unaoning'inia kati ya chasisi na ekseli. Kufungua hapo kusiposaidia, lakini kufungua skrubu ya gurudumuni kukasaidia, mpira huo umevimba kwa ndani. Kwa nje unaweza kuonekana mpya kabisa. Mguu una nguvu ya kuyasukuma mafuta yapite, springi za viatu hazina nguvu ya kuyarudisha. Mpira wenye umri wa miaka 20 ni mgonjwa hata kama hauvuji. Ni spea ya bei ndogo na ndiyo ningeanza nayo kwenye gari lolote nisilolijua historia yake. Magurudumu yote manne yakikataa kuachia kwa pamoja, acha mipira, nenda kwenye pedali. Fimbo inayosukuma masta lazima iwe na mchezo kidogo kabla ya kugusa pistoni. Isipokuwa nao, tundu dogo la kurudishia mafuta linabaki limezibwa, mafuta yakipata joto yanatanuka na kukaza breki yenyewe bila mtu kukanyaga.

Mafuta ya breki yenyewe hudharauliwa kuliko kitu chochote kwenye gari kuukuu. Watu huongeza wakati kopo limepungua na kudhani kazi imekwisha. Mafuta haya hunywa unyevu wa hewa mwaka baada ya mwaka, na maji yanapoongezeka ndani yake kiwango cha kuchemka kinashuka. Aina ya DOT 3 ikiwa mpya haipaswi kuchemka kabla ya nyuzi 205 za selsiasi, lakini ikishanywa maji kiwango kinachotakiwa ni 140 tu. DOT 4 hutoka 230 hadi 155. Sasa rudi kwenye mteremko wa Subuiga. Dramu zimepata moto, mafuta ya miaka 6 yanachemka ndani ya silinda, yanageuka mvuke, na mvuke hubanwa kama hewa. Pedali inakwenda hadi chini. Gari likisimama kando na kupoa kwa saa moja pedali inarudi, fundi anakagua na hakuti kitu, na dereva anaambiwa aliota. Hakuota. Mafuta yabadilishwe yote kila baada ya miaka 2, yatoke kwenye chupa ndogo iliyofunguliwa siku hiyo hiyo. Chupa nusu iliyokaa kwenye rafu tangu mwaka juzi itumie kulainisha bawaba za lango, kama hujali rangi yake.

Hata kopo la mafuta husema. Likipungua na nje hakuna tone, kuna sehemu za kutazama. Silinda za magurudumu huweza kuvuja ndani ya dramu kwa miezi kabla alama haijaonekana kwenye tairi. Kwenye gari lenye busta, masta inaweza kuvujisha mafuta ndani ya busta, injini ikayavuta na kuyachoma kwa moshi mweupe. Na baadhi ya Land Rover za kabla ya Series III zina kopo moja linalolisha breki na klachi pamoja, kwa hiyo mafuta yanaweza kuwa yanapotelea kwenye klachi wakati wewe umelaza gari juu ya mawe ukifungua dramu ya nne.

Kutoa upepo kunahitaji watu wawili wanaosikilizana. Anza na gurudumu lililo mbali zaidi na masta. Kwa magari yetu ya usukani wa kulia hilo ni la nyuma kushoto, kisha nyuma kulia, mbele kushoto, na mwisho mbele kulia. Vesha mpira mwembamba wa plastiki kwenye skrubu, mwisho wake uzame kwenye mafuta ndani ya chupa ya kioo ili uone viputo. Mmoja anakaa kwenye pedali, mwingine chini.

"Kanyaga."

"Nimekanyaga, mjomba."

"Shikilia hapo hapo. Usiachie hadi nikwambie."

Anafungua, viputo vinatoka, pedali inazama, anafunga, ndipo anasema achia. Kijana akiachia kabla skrubu haijafungwa, hewa inavutwa ndani tena na mmeanza upya. Kopo la juu litazamwe kila baada ya mikanyago michache. Likikauka mnarudi gurudumu la kwanza. Mafundi wengi wa Land Rover huvikaza kwanza viatu vyote vishike dramu kabla ya kutoa upepo, ili pistoni zisitembee sana na hewa ikose pa kujificha, halafu huvilegeza baadaye. Ni ujanja unaofaa, hasa kwenye ile ndefu ambayo hewa hupenda kubaki kwenye silinda mbili za kila gurudumu la mbele.

Mwenye 504 ana kazi tofauti kidogo. Diski za mbele hazihitaji kukazwa, na hupoa upesi kuliko dramu. Dramu ikipata moto hutanuka na kukimbia viatu, ndiyo maana pedali huenda chini zaidi kadiri unavyoteremka. Diski haina tabia hiyo. Busta yake hupimwa bila kufungua chochote. Injini ikiwa imezimwa, kanyaga mara kadhaa hadi pedali iwe ngumu, endelea kuishikilia, washa injini. Ikishuka kidogo chini ya mguu, busta ni nzima. Isiposhuka, kagua kwanza bomba la mpira linalotoka kwenye injini, kabla ya kuilaani busta. Pedali ikitetemeka unapofunga breki, diski imepinda au dramu si duara tena, na hiyo ni kazi ya mashine ya kuchongea, si ya uani.

Kuna mambo mengine ambayo nyumbani si mahali pake. Kupigilia lainingi mpya kwa riveti ni ufundi wa mwenye zana. Kuchomelea bomba la breki kusifanywe na mtu yeyote popote. Bomba ni la kubadilishwa. Na spea ambayo haina jina la mtengenezaji, boksi limechapishwa kwa herufi zilizopinda, mwachie muuzaji hata akikupunguzia nusu.

Kazi ikiisha, pedali iwe juu na ngumu, ikae hapo dakika nzima chini ya mguu bila kushuka. Mwambie mtu apite gurudumu moja moja akitazama unyevu huku umekanyaga. Halafu sogea mbele uani kwa mwendo wa mtu anayetembea, funga breki, rudia. Barabara ya ndani baadaye. Ya Meru siku nyingine, na siku hiyo shuka na gia ile ile ambayo ungeipandia. Breki ziwe za kusaidia injini. Na kama umefanya yote haya na pedali bado inazama, usiliendeshe gari kwenda gereji ati ni karibu. Lifunge mawe, mtafute fundi, na umlipe nauli ya bodaboda aje kwako.